Lori la Baba, Ukutani

Mtu asinifundishe habari za umeme. Ujana wangu wote wa ndoa niliuishi katika kambi ya wafanyakazi wa mgodi, Kolwezi, na umeme tulikuwa nao wa kumwaga. Kampuni ndiyo iliyolipa. Taa ya nje iliwaka mchana kutwa, jiko liliwaka tangu alfajiri hata kama halina sufuria juu yake, maana nani alikuwa na haja ya kulizima? Shangazi akitujia kutoka Kasaji na gunia lake la mihogo, alikuwa akizunguka nyumba nzima akitafuta mahali pa kuzimia taa, nasi tukimcheka. "Acha, mama, ni courant ya kampuni!" Umeme ulikuwa mwingi kuliko sabuni.

Na umeme wote huo, nilishindwa kuupeleka ndani ya kitu cha plastiki kilichoenea mapajani mwa mzee mmoja. Nikikumbuka, hasira hunipanda hadi leo.

Mzee huyo ni baba yangu. Watu wake walishuka kutoka Maniema, Waislamu, watu wa biashara na magari, naye alikuwa dereva wa lori. Barabara ya Kolwezi hadi Kasaji aliijua shimo kwa shimo. Alikwenda na chumvi na samaki wakavu, akarudi na mihogo na mahindi, na katikati alimtukana kila aliyemkuta njiani, kuanzia mwenye baiskeli hadi mbuzi. Basi asubuhi moja, akitawadha kwa ajili ya sala, upande wa kulia ukakatika. Mkono ukafa, mguu ukafa, mdomo ukapinda na maneno yakaenda zake.

Walimleta kwangu kwa sababu kambini kulikuwa na hospitali, na kwa sababu binti yake ni mimi peke yangu. Hospitalini walituambia mwili huenda ukarudi pole pole, lakini lazima yeye mwenyewe atake kitu. Atake kitu! Baba hakutaka kitu chochote. Aligeukia ukuta. Uji ulimtoka pembeni mwa mdomo, nikamfuta, naye hakunikaripia hata kwa jicho. Baba yangu kufutwa mdomo bila kukasirika! Hapo ndipo nilipoogopa kwamba ninampoteza.

Wakati huo kaka yangu aliyekuwa Ubelgiji akampa msafiri mmoja kifurushi cha watoto wangu wawili. Nguo, peremende, na mchezo: dashibodi ya gari, ndogo, yenye usukani wa plastiki na ufunguo wa kuwashia. Ukiuwasha, mota inanguruma ndani, karatasi iliyochorwa barabara inazunguka nyuma ya kioo, na kagari kadogo kanakwenda kushoto na kulia kwa kadiri unavyokata usukani. Niliuweka mapajani mwa baba ili nipate kukunja nguo. Sikuwa na wazo lolote, wallahi. Nilikuwa nimekosa tu mahali pa kuuweka.

Mkono wa kushoto ukashika usukani. Ukapapasa, ukaona ufunguo, ukawasha. Barabara ikaanza kukimbia, na baba akatoa sauti. Haikuwa neno, lakini mimi ni mtoto wake, tusi la barabarani nalijua hata likikosa maneno. Nilicheka hadi nikakaa chini. Watoto walilia siku nzima wakidai mchezo wao, lakini nani angemnyang'anya?

Kuanzia siku ile alikula, kwa sababu dereva hasafiri na njaa. Alinyoosha shingo nimnyoe. Na mkono wa kulia, ule uliokufa, vidole vyake vilianza kucheza juu ya blanketi. Nilimwita mume wangu aje ashuhudie. Ulikuwa unatafuta gia.

Sasa, kitu kile kilikula pile, yaani betri, nne kubwa, zile za redio, na kilizila kama mgeni asiyejua kuaga. Nazo pile zilikuwa zimepotea madukani, ilikuwa ni ile konjonktire, hali ngumu ya uchumi, iliyokuwa midomoni mwa Wazaire wote, kila kitu hakuna. Zilizobaki tulizifanyia ufundi wetu sote tunaoujua. Tulizing'ata kwa meno, tukazianika juu ya bati pamoja na mihogo. Zikipata jua zilifufuka kidogo, lori likatembea hadi chai inapoa, kisha mota ikaanza kuguna, barabara ikasimama. Baba naye akageukia ukuta, na mkono wa kulia ukalala. Kila pile zilipokufa, nilimwona naye akienda nazo.

Mume wangu alikuwa mtu wa umeme mgodini, tena si umeme wa taa. Kazi yake ilikuwa nyaya nene zinazolisha mashine za kuchimba. Siku moja uzalendo ukanishinda.

"Baba batoto, weye mutu ya courant, mashine kubwa kama nyumba unaiwasha. Kagari ka plastiki kanakushinda?"

"Mama, courant ya mu ukuta iko mingi," akasema. "Kagari kanaomba kidogo tu. Kupunguza njo kazi."

"Basi punguza!"

Akapunguza, masikini. Alichukua transfo ya redio-kaseti yake, kile kijisanduku cheusi kinachochomekwa ukutani. Akakata mpini wa ufagio wangu mpya vipande vya urefu wa pile, akapigilia misumari kwenye ncha, akafunga nyaya za transfo kwenye misumari, akavipachika mahali pa pile. Akachomeka. Mota ikanguruma, na barabara ikaanza kwenda kinyumenyume! Nyaya alikuwa amezigeuza. Baba hakushtuka hata kidogo. Aliona lori linarudi nyuma, akageuza shingo yake ngumu, akatazama begani, akapiga rivasi taratibu kama yuko sokoni. Mume wangu alicheka huku akijifuta machozi, mkwe kumcheka mkwe wake, kitu ambacho kwetu hakifanywi. Kisha akabadilisha nyaya, na lori likaenda mbele.

Nilidhani tumemaliza. Kumbe!

Baba akikwisha kuwasha hakuzima. Na mimi nilijua sababu. Lori lake la kweli halikuwa na stata tangu mimi mtoto. Dereva akizima injini huko porini, atafute kijiji kizima kije kumsukuma. Kwa hiyo alikula injini ikiunguruma, akaswali kwa macho injini ikiunguruma, akasinzia mkono uko kwenye usukani. Nasi watu wa kambi, nani alitufundisha kuchomoa kitu ukutani? Lakini transfo ilipata joto hadi haishikiki, ikaanza kunuka. Nikienda kuichomoa, mkono wa kushoto ulinipiga kibao. Nikimwambia mume wangu inachemka, ananijibu, "Injini yote inachemka, mama." Basi nikawa mtu mzima niliyechuchumaa ukutani, ninapepea transfo kwa kifuniko cha sufuria. Nilipepea asubuhi, nikapepea jioni, na moyoni nikijua sipepei kitu.

Mchana mmoja, watoto wakiwa shuleni na mume wangu kazini, umeme ulikatika kambi nzima. Jambo la nadra sana, hata wanawake walitoka nje kuulizana. Baba alikaa ameshika usukani, ananitazama. "Unarudi, baba, unarudi sasa hivi," nikamwambia, kana kwamba mimi ndiye niliyeshika swichi ya mgodi.

Ukarudi, lakini ulirudi na nguvu zisizo zake. Taa ya sebuleni ikapasuka juu ya vichwa vyetu. Mota ikapiga kelele ambayo sijapata kuisikia, barabara nyuma ya kioo ikakimbia hadi haionekani, na baba akacheka. Alicheka kwa mdomo wote, hata ule upande uliopinda, anakata usukani kulia, anakata kushoto, na mkono uliokufa, Mungu wangu, mkono uliokufa ukainuka kutoka kwenye blanketi. Nilisimama nikiutazama mkono. Kisha nikaona moshi.

Nikachomoa. Mota ikazima. Baba akageuza ufunguo, akageuza tena. Plastiki ilikuwa imejikunja upande mmoja, nayo inanuka vibaya.

Nilingoja ageukie ukuta. Hakugeuka. Alinyoosha kidole dirishani, kwenye ua wa miti unaozunguka lupangu, kiwanja chetu. Nikamletea maji, akayasukuma. Uji, akausukuma. Akanyoosha kidole tena kwa hasira, na ndipo nikaelewa. Barabarani, lori likifa, dereva anavunja matawi mabichi na kuyapanga nyuma ya lori, ili anayekuja kwa kasi ayaone mapema. Nikatoka, nikavunja matawi ya ua, nikayapanga kwenye sakafu ya saruji kutoka nyuma ya kiti chake hadi mlangoni. Akayakagua. Moja lilikaa vibaya, akanionyesha, nikalinyoosha.

Halafu akanitazama usoni, akasema, "Enda."

Neno zima, safi. Miezi yote ile nilimwomba Mungu neno moja tu kutoka kinywa cha baba. Akanipa, nalo lilikuwa la kunituma. Utingo, msaidizi wa dereva, ndiye anayedandia lori linalopita, akatafute spea mjini, na dereva anabaki na gari lake. Nilijaribu kuuchukua mchezo ili angalau fundi auone. Akaukumbatia. Basi nikafunga kitenge, nikatoka mikono mitupu.

Nilizunguka mji. Kwa mafundi wa redio sokoni nilieleza kwa vidole ukubwa wa mota. "Motere kadogo vile? Mama, hata ya kubwa haiko." Duka moja baada ya jingine nilielekezwa kwingine, na mwishoni nilikuwa natembea tu, kwa sababu kusimama kulikuwa ni kukubali. Nililia njiani bila kujificha. Nguzo za umeme zilikuwa zimejipanga barabara nzima, taa zinawaka na jua bado liko.

Niliporudi jioni nilimkuta mume wangu ameketi kizingitini, hajathubutu kuyavuka matawi. Watoto walikuwa wameketi pembeni yake. Baba hakuwa amekula wala kulala. Alikuwa ameshika usukani, na aliponiona hakuutazama uso wangu, alitazama mikono.

Niliifungua, aone.

Nilijiandaa kwa tusi, na laiti angenitukana. Akaitazama mikono yangu. Kisha, kwa ule upande wake mmoja ulio mzima, akaanza kujisukuma, kidogo kidogo, anahema, hadi akafika ukingoni mwa kiti na kuniachia nafasi ya utingo. Akaipiga kwa kiganja.

Nikakaa.