Bodi za Mkonge za Kaluki

Kaluki hakusomea useremala. Mumewe, Mutiso, aliendesha mashine ya kutoa nyuzi katika shamba la mkonge kule Kibwezi, na kila mwisho wa mwezi alirudi Mbumbuni na gunia la makapi yaliyotupwa. Kaluki aliyachanganya na mabua ya mahindi yaliyopondwa na gundi ya seremala, akayabana kwa jeki ya lori kati ya vyuma viwili. Asubuhi alipofungua, alipata bodi ngumu ya rangi ya asali. Aliigonga kwa kidole, akaisikiliza kwa muda mrefu.

Mwaka 1982, Mzee Jonah wa kanisa alimwomba bodi arobaini za silingi, za kufunika dari ya kanisa. Zikapigwa misumari kabla ya mvua.

Novemba hewa ikawa nzito chini ya mabati. Jumapili moja, mahubiri yakiendelea, Kaluki aliinua macho akaona madoa ya kijani na kijivu. Yalikuwa mazuri. Aliona visiwa, vilima, nchi ambayo hakuna aliyewahi kuikanyaga, nayo ikikua kila juma. Kisha kwaya ikaanza kukohoa.

"Mama Nzomo," Mzee Jonah alimwambia Kaluki nje, kwa upole, akimwita kwa jina la mwanawe, "huo ukungu unatuingia kifuani. Lazima hizo bodi zitoke."

"Nitazitoa mwenyewe, Mzee."

Alizitoa, akaziegemeza kwenye ukuta wa nyumba yake. Mutiso alisema zingefaa kuni. Lakini Kaluki aliketi mbele ya bodi hizo siku mbili, akazitazama mpaka akaona kwamba bodi mbili, zilizokuwa nyeupe kuliko nyingine, hazikuwa na doa hata moja.

Akakumbuka. Mamake alipolazwa hospitalini Mutomo, yeye alikaa naye majuma matatu, na furushi moja la makapi na mabua likabaki limezama katika kisima cha mchangani mtoni. Aliporudi lilikuwa linanuka. Alilisuuza, akalianika, akatengeneza zile mbili.

Alichukua bua kavu akalitafuna. Lilikuwa na utamu wa mbali. Akatafuna jingine, lililosalia kutoka furushi lile lililolowekwa. Halikuwa na ladha yoyote.

"Ukungu unakula sukari," alimwambia Mutiso. "Mimi nimekuwa nikiulisha."

Aliweka kipande cha bodi ya kila aina ndani ya chungu, akafunika kwa kitambaa kibichi mwezi mzima. Kile kisicholowekwa kiliota manyoya. Kingine kilitoka kama kilivyoingia.

Tangu hapo aliloweka kila kitu. Kanisa halikutaka kujaribu tena, naye hakubishana. Alitia silingi nyumbani kwake, chumba kimoja kila mwaka, na mchana wa joto alijilaza chini yake na kuona nyuzi zikipita juu kama nyasi zilizolazwa na maji.

Mwishoni mwa 1997 mvua ilinyesha kana kwamba imesahau kukoma. Nyumba ya Mzee Jonah ilibomoka ukuta mmoja. Alikuwa mzee sana, na mjane. Mutiso alimbeba mgongoni mpaka nyumbani kwa Kaluki, wakampa kitanda cha chumba cha mbele. Viatu viliota ukungu. Biblia yake iliota ukungu kwenye jalada. Yeye alilala chali majuma mengi akitazama bodi za juu, zisizo na doa.

Siku moja aliita, "Mama Nzomo, hizi ulizipaka nini?"

"Sikupaka kitu, Mzee. Nilizitoa utamu tu."

"Ilinipasa kukuuliza zamani," alisema Jonah.

"Hukuuliza," alisema Kaluki, bila kinyongo, akamfunika miguu.

Jonah hakuondoka kitandani hapo. Alifariki Februari, mvua zikiwa bado zinadondoka. Kabla ya hapo aliagiza mhasibu wa kanisa aitwe, akasema mbele yake kwamba silingi ya kanisa ni ya Kaluki kutengeneza. Katika kiangazi cha mwaka huo wanawake wa Mbumbuni walisaidia kubeba makapi mtoni, na Kaluki akaingia majini mpaka magotini, akiyasukuma yazame taratibu.