Darubini ya Mama Kipimo

Ukitaka kumjua mwanamke huyu, mtazame anapopima maziwa. Silinda ya kioo iko mezani, maziwa yamejaa karibu na ukingo, laktomita, kile kipimo kinachoonyesha kama maziwa yametiwa maji, inaelea katikati huku shingo yake yenye tarakimu ikichomoza juu. Wapimaji wengine husimama, hutupa jicho kutoka juu, huandika, wakapita. Yeye hukunja magoti. Hushuka polepole, mkono mmoja kiunoni, kwa sababu kiuno nacho kina umri wake, mpaka jicho liwe sawasawa na uso wa maziwa. Hapo ndipo husoma. Kwa miaka ishirini na tisa katika chumba kile cha mapokezi cha kiwanda cha maziwa, chenye vigae vinavyoteleza na harufu ya dawa ya kusafishia, hajawahi kusoma kipimo akiwa amesimama. Wenye maziwa walimbatiza jina la Mama Kipimo. Waliozoea kuongeza maji walimbatiza majina mengine, tuyaache hukohuko kwao.

Jambo ambalo wengi pale kiwandani hawakulijua ni kwamba kila Jumamosi asubuhi mama huyu alilala kifudifudi kwenye turubai, akapiga shabaha. Klabu ya shabaha ilikuwa na uwanja wake nyuma ya kiwanda cha matofali, na bunduki zao zilikuwa zile ndogo za pointi mbili mbili, zenye risasi nyembamba isiyozidi kidole cha mtoto, inayolia kama kijiti kilichovunjika. Alifika huko mara ya kwanza akimsindikiza mumewe, fundi majokofu aliyealikwa na mteja wake. Mume alipiga ukuta. Mke akaambiwa ajaribu na yeye, basi tu, kwa heshima ya mgeni, akatia risasi katikati. Mume hakurudi tena, mke hakuacha tena. Kwa miaka kumi na minane klabu ilipopeleka timu ya watu watatu kwenye mashindano makubwa, mmoja wa watatu hao alikuwa yeye.

Halafu macho yakaanza kumpiga chenga. Karatasi ya shabaha aliiona, lakini ile ncha ya chuma ya kulengea, iliyo mwisho wa mtutu, ikawa ukungu mtupu. Akivaa miwani, ncha inarudi, karatasi inapotea. Msimu uliopita risasi zake zilikwenda arijojo, na watu wakaanza kumwonea huruma, kitu ambacho hakukizoea na hakukipenda.

Mwenye huruma nyingi kuliko wote alikuwa wifi yake. Huyu ni dada wa mumewe, mwalimu mkuu wa shule, na ndiye kapteni wa klabu. Ana sauti ya kunyamazisha mstari mzima wa wanafunzi bila kipaza sauti, na tangu harusi wawili hao hawajawahi kukutana bila kutupiana vijembe.

"Wifi," alisema siku moja mbele za watu, "mambo ni mazuri. Mwaka huu waliovuka hamsini tumeruhusiwa kufunga darubini. Lakini wewe kwa macho hayo, hata darubini itahitaji miwani. Kuna kiti mezani, ukae utuandikie alama. Kivulini kabisa, na chai utaletewa."

Watu wakacheka. Mama Kipimo naye akacheka, maana angefanyaje, lakini maneno yale yalimkata maini. Mchujo ulikuwa wiki tatu mbele: wapigaji wanne, nafasi tatu. Akishindwa, si kwamba angekosa safari moja. Angekuwa mama wa kuandika alama za wenzake mpaka siku ya kuzikwa, na wifi angehakikisha chai haikosekani.

"Mwenzangu," alimwambia mumewe jioni ile, "mimi kwenye kile kiti siketi."

"Basi tununue darubini kama ya dada," mume akasema. "Umeiona? Kubwa kama birika."

Kweli ilikuwa kubwa. Ilikuza mara kumi na sita, kioo chake cha mbele kilikuwa kipana kama sahani ya kikombe, na kapteni aliibeba bunduki yake kifua mbele kama mtu aliyeshika kombe tayari. Klabu nzima iliitolea udenda. Mama Kipimo mwenyewe, tuseme ukweli, aliitolea udenda pia, na alipokwenda kwenye duka la vifaa vya michezo na bunduki yake ndani ya begi, bila risasi, na vibali vyake mfukoni, cha kwanza kukiomba kilikuwa hichohicho.

Mwenye duka, bwana mnene mwenye kalamu sikioni, alifurahi. Aliiweka darubini juu ya bunduki kwa pete mbili ndefu za kufungia, maana kioo kipana vile kisingepita juu ya mtutu bila kunyanyuliwa. Kisha akaegemeza bunduki kwenye mifuko ya mchanga, mdomo ukielekea ua wa nyuma, ambako alikuwa amechora duara ukutani, hatua hamsini hivi, kwa ajili ya wateja.

Mama Kipimo akafanya jambo la ajabu. Alifumba macho. Akalaza shavu kwenye ubao wa bunduki kama alivyolilaza kwa miaka kumi na minane, akatulia, ndipo akafumbua.

"Naona giza," akasema.

"Nyanyua kichwa kidogo, mama."

Akanyanyua. Picha ikaja, safi, duara limejaa kioo kizima. Lakini shavu sasa lilikuwa hewani, na shingo imejinyoosha kama ya mtu anayechungulia ugomvi wa jirani juu ya ukuta.

"Utazoea," mwenye duka akasema. "Wote wanazoea."

Mama alikuwa ameona kitu kingine. Kwa kuwa shavu halikuwa na pa kutua, kichwa chake kilikuwa kikiyumba kidogo, na kila kilipoyumba, ule msalaba mwembamba ndani ya darubini ulitembea juu ya duara. Bunduki ilikuwa imelala kwenye mchanga, hakuna aliyeigusa. Akasogeza kichwa kushoto, msalaba ukahama. Kulia, ukahama. Juu, ukahama. Moyo ukamlipuka kwa furaha, maana kitu hiki alikijua kama anavyoujua mlango wa nyumba yake. Ndiyo laktomita inayosomwa na mtu aliyesimama! Ukitazama kutoka juu unapata tarakimu hii, ukitazama kutoka pembeni unapata nyingine, na maziwa ni yaleyale.

"Bwana," akasema, "hii inadanganya."

"Inadanganyaje? Hii ndiyo ya bei ghali kuliko zote humu!"

"Weka jicho hapa. Usiguse bunduki. Haya, tikisa kichwa."

Mwenye duka akaweka jicho, akatikisa. Akarudia. Akachukua kalamu sikioni, akairudisha bila kuandika chochote.

"Hii imetengenezewa wawindaji," akakiri. "Watu wanaopiga mbali, mita mia na hamsini na zaidi. Huko msalaba unatulia. Kwa karibu ndiyo unacheza hivyo, usipoweka jicho katikati kabisa."

"Na mimi napiga mita hamsini. Ya mita hamsini iko wapi?"

Ilikuwa chini ya kaunta, ndani ya boksi lenye vumbi. Ndogo, nyembamba, inakuza mara saba tu, imetengenezewa bunduki ndogo kama yake. Mama akaiegemeza kwenye mchanga, akalitazama kwayo lile duara la ukutani, akatikisa kichwa mpaka kilemba kikalegea. Msalaba ulikaa palepale kama umepigiliwa msumari.

Hapo zikabaki pete, na pete zilikula saa nzima. Za kwanza zilitengenezewa reli pana, na bunduki yake ilikuwa na mfereji mwembamba wa mtindo wa zamani. Mwenye duka akapendekeza kuziba pengo kwa kipande cha bati. Mama akamtazama kama anavyowatazama wenye maziwa ya maji, na bati likarudi lilikotoka. Za pili, fupi kabisa, zilishika vizuri, lakini alipovuta bolti, lile komeo la bunduki, kama anayetoa ganda la risasi, mpini wake ukagonga darubini. Za tatu zilikuwa fupi kiasi. Bolti ikapita, nafasi iliyobaki ikatosha sarafu moja na si mbili. Akafumba macho, akalaza shavu, akafumbua. Picha ilikuwa inamngoja, imejaa, bila shingo kusumbuka hata chembe. "Hapohapo," akasema.

Nyumbani mume akaleta bisbisi zake ndogo za majokofu. Alining'iniza nati kwa uzi mlangoni ili nyuzi za ule msalaba zinyooke sawa na uzi, wakakaza skrubu zamu kwa zamu, robo mzunguko hapa, robo pale.

"Ka-darubini kenyewe haka," mume akatania. "Dada akikaona atadhani ni kalamu yangu ya kupimia gesi."

"Acha adhani."

Ila hakutaka kumshinda mtu kwa kumfichia. Jumapili wifi alipokuja kuwatembelea, alimweleza yote: kichwa, msalaba, mita mia na hamsini. Alimwambia wazi kwamba darubini kubwa ile, kwa umbali wao, ingemwangusha. Wifi aliweka kikombe chini akacheka mpaka machozi.

"Wifi yangu! Sasa unataka kunipima na mimi kama nina maji? Umeshindwa bei, sema umeshindwa bei."

"Haya," Mama Kipimo akasema. "Usije ukasema hukuambiwa."

Siku ya mchujo ilikuwa risasi thelathini kila mmoja, jua limetoka vizuri na upepo wa kupepea karatasi tu. Wapigaji wanne walilala kwenye turubai zao, bunduki zikiegemea mifuko ya mchanga: mwokaji mikate, karani wa bandari kavu, wifi na yeye. Mama Kipimo akafumba macho, akalaza shavu, akafumbua. Kumi. Kumi tena. Tisa. Kumi. Risasi ya kumi na mbili akaiharakisha, kwa sababu alisikia nyuma yake mtu akinong'ona, "Huyu bibi vipi leo?" na ikaangukia saba. Alihisi jasho limemtoka mgongoni. Akaitoa mikono kwenye bunduki, akavuta pumzi, akajisemea ya watu waachie watu. Kisha akarudisha shavu lake mahali pake na kupiga kumi nne mfululizo.

Upande wa pili mambo yalikuwa magumu. Kapteni alikuwa mpigaji hodari, hilo asinyimwe, lakini shingo ilikuwa imechoka kujinyoosha, na kila kichwa kilipotua mahali tofauti, risasi nayo ilitua mahali tofauti. Tisa, kumi, saba, nane, kumi, saba. Aligeuza kitufe hiki, akageuza kile, akailaumu mifuko ya mchanga, akaulaumu upepo, ambao haukuwa na habari naye.

Karatasi zikakusanywa, zikahesabiwa mara mbili na msimamizi wa uwanja, na orodha akapewa kapteni aisome, kama ilivyo kazi ya kapteni. Wifi aliipitia orodha kwa macho kwanza. Akaipitia tena. Mama Kipimo alikuwa amesimama karibu na kile kiti cha mwandishi wa alama, na alipouona uso wa wifi yake hakujua acheke au alie.

"Wa kwanza," wifi akasoma, na sauti ile ya kunyamazisha shule nzima ikatoka nyembamba kidogo, "alama mia mbili themanini na tisa. Mama Kipimo. Wa pili, mwokaji, mia mbili themanini na tatu. Wa tatu, karani, mia mbili sabini na nane. Wa akiba ni..." Hakukwepa, na kwa hilo Mama Kipimo alimpenda siku ile kuliko siku zote. "Wa akiba ni mimi, mia mbili sabini na moja."

Mwokaji akapiga mbinja. Karani akamshika Mama Kipimo mabega akamtikisa. Makofi yakaanza, na yeye mwenyewe akahisi kifua kimejaa mpaka hakuna nafasi ya hewa, furaha tupu, furaha ya mtu aliyeandikwa kwenye orodha ya wazee akajifuta mwenyewe. Akainua mkono watu wanyamaze.

"Wifi," akaita, "samahani. Hapo kwa wa kwanza sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia vizuri sana, na hakuna asiyejua hivyo. Midomo ya wifi ikaanza kumcheza, akajitahidi kununa, ikamshinda. Akakunjua orodha, akasimama wima kama yuko mbele ya shule, akaisoma tena tangu juu kwa sauti yake yote, mpaka wafanyakazi wa kiwanda cha matofali wakachungulia ukutani kuona kuna nini.