Risasi za Njano za Mkomaindo

Kwetu Mnyambe, huko Newala, tulipigana kwa mabibo. Korosho ikishakonyolewa, bibo lenyewe, lile tunda, lilibaki la wapika uraka, pombe ya mabibo, na wao walichagua yale mazuri. Yaliyobondeka na yaliyotobolewa na wadudu yalikuwa yetu sisi watoto. Tuligawana pande mbili, kila mmoja na mabibo yake ndani ya kipande cha kanga kuukuu, tukawindana katikati ya mikorosho mpaka jua lizame. Sheria ilikuwa moja: bibo likikupasukia mwilini, umekufa, nenda ukakae. Mabishano hayakuwepo. Maji ya bibo yanakutiririka kifuani, yananuka, nzi wameshakuona. Utabisha nini?

Nilikuwa hodari. Wavulana waligombana nani anichukue upande wake, kwa sababu nilijua kurusha bibo kwa mkono wa chini, likapita chini ya matawi na kumkuta mtu anayedhani amejificha. Mama alinigombeza kila jioni kwa ajili ya madoa, maana doa la bibo halitoki.

"Na maji ya kulifulia gauni hili utayatoa wapi?" aliniuliza. Kweli, kwetu maji yalitafutwa mbali na kugawanywa kwa kikombe. Kesho yake nilirudi tena shambani.

Mwaka nilioingia darasa la sita nilichezwa unyago. Nilipotolewa ndani nilikuwa nimeambiwa mambo mengi, na mojawapo lilikuwa kwamba vita vya mabibo kwangu vimekwisha. Msimu huo nilikaa uani nikibangua korosho na bibi, nikisikia kelele za wenzangu kule shambani. Mtu akipiga ukelele wa kufa nilijaribu kubahatisha ni nani. Bibi aliniona nimenyoosha shingo, akacheka, akasema utazoea.

Baada ya mavuno baba akanipeleka Masasi kwa mama mdogo, ili nisomee mjini. Mama mdogo alikuwa ameolewa na mfanyabiashara na walikaa mtaa wa Mkomaindo. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka ambayo nilipokuwa mdogo yalikuwa na rafu tupu na mwenye duka anayepepea nzi, sasa yalijaa: sabuni za kunukia, betri, ndala za kila rangi, saa zinazolia kama ndege. Baba mdogo alikwenda Dar es Salaam na kurudi na maboksi. Safari moja alileta bastola za plastiki, nyeusi, zenye springi ndani, na vifuko vya risasi za njano zilizolingana na punje ya mbaazi. Zile ambazo maboksi yake yalichanika njiani aliwapa wanawe wawili. Mkubwa alikuwa rika langu, mdogo alikuwa bado anang'oka meno.

Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na mapagale, nyumba ambazo wenyewe walianza kujenga kisha fedha zikawaishia, kuta zimesimama bila paa, nyasi zimeota vyumbani. Huko ndiko watoto wa mtaa walikopigania vita vyao. Nilijizuia kwa muda. Nilikwenda tu kuangalia, nikajiambia kuangalia si kucheza. Siku moja upande mmoja ulipungukiwa mtu, na yule mtoto mkubwa wa mama mdogo, kaka yangu, akanitupia bastola.

"Unaikoki hivi," alinionyesha. "Unalenga, unafyatua."

"Na nikipigwa?"

"Unanyoosha mkono juu, unasema nimekufa, unakwenda kukaa pale kwenye matofali."

Nikaona ni kama kwetu. Nikajifunga kanga kiunoni, nikaingia kwenye pagale la kwanza na furaha ambayo sikuwa nimeionja tangu nilipotolewa ndani. Mkono ulikumbuka wenyewe. Niliwapiga wawili kupitia tundu la dirisha, wakanyoosha mikono, wakaenda kukaa. Nikahamia chumba kingine. Nilisikia kitu kimenigusa mgongoni, kidogo tu, kama mtu aliyekurushia punje ya mchele kukuita. Nilijipapasa. Gauni lilikuwa kavu. Nikaendelea, nikampiga wa tatu.

"Wewe umekufa!" mtu akapiga kelele nyuma yangu. Alikuwa msichana mrefu wa nyumba ya jirani, mwenye nywele zilizosukwa vizuri. "Nimekupiga mgongoni zamani!"

"Wapi? Nionyeshe!"

Nikageuka nikampa mgongo, nikalivuta gauni ili kila mtu aone lilivyo safi. Nilifanya hivyo kwa uhakika wote, kama mtu anayeonyesha risiti. Kichwani mwangu kupigwa maana yake ilikuwa kulowa. Wote wakatoka kwenye mapagale, hata wafu wakanyanyuka kwenye matofali, wakasimama wakinitazama nimewageuzia mgongo huku nimeshikilia gauni. Kisha wakacheka.

"Anatafuta doa! Risasi ya plastiki ina doa?"

"Haijanipata lisasi yoyote," nilisema.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nyumbani tulikuwa tunazungumza Kimakonde, na nilipokasirika ulimi wangu uliisahau ile r. "Lisasi! Lisasi!" wakaimba. Yule msichana hakuimba. Alinitazama tu, akasema taratibu, "Huku kwetu mtu anasema mwenyewe. Asiposema, ni mwongo."

Nilimtazama kaka yangu anitetee. Alikuwa anachokonoa ukuta kwa kidole cha mguu. Nikajua ananionea aibu, na hilo liliniuma kuliko lile neno. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kuambiwa mwongo kwenye vita, kwa sababu kwetu uongo wenyewe haukuwezekana. Bibo lilisema kwa niaba yako. Hapa kila kitu kilikuwa kinategemea mdomo wako, na mdomo wangu wakati huo ulikuwa na sifa mbaya tayari.

Niliporudi kucheza nilikuja na dawa yangu: nikisikia springi yoyote ikilia, nanyoosha mkono. "Nimekufa!" Hata kama aliyefyatua yuko chumba cha tatu. Nilikufa kabla sijalengwa. Nilikufa mara moja kwa sababu ya mtu aliyekuwa anafunga mlango wa choo. Wakanicheka kwa hilo nalo, lakini kicheko hicho kilikuwa chepesi zaidi, nikakivumilia. Polepole ngozi yangu ikajifunza. Nikajua tofauti ya risasi na jani, ya risasi na mchanga unaomwagika ukutani. Ilikuwa inauma kama chungu mdogo, kisha inapoa. Nikaanza kunyoosha mkono pale tu ilipostahili, na yule msichana mrefu akaanza kunichukua upande wake.

Mama mdogo hakujua. Kama angejua angenipa maneno ya mwari mzima kukimbizana na wavulana, na angekuwa na haki. Nilimwambia nakwenda kusukwa. Nikirudi na nywele zilezile nilisema msusi hakuwepo. Nadhani alianza kumchukia huyo msusi ambaye hakai kwake.

Sasa ilikuwa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Nilikuwa nimejibanza kwenye kona ya pagale la mwisho, lililo karibu na njia, namngojea kaka yangu ambaye siku hiyo alikuwa adui. Nilisikia hatua zinakuja, nzito kidogo, zikikanyaga vipande vya matofali. Kivuli kikaanguka mlangoni. Nikatoka na kufyatua.

Alikuwa baba.

Alikuwa amevaa kanzu yake ya kwendea msikitini na koti juu yake, begani amebeba kiroba cha makopa ya muhogo, mkononi ana kifurushi cha korosho. Alikuwa ameteremka kwenye lori, akakata njia kupitia mapagale kama alivyoelekezwa. Risasi ilimpata juu kidogo ya kifua. Nami nilimwona baba yangu, mtu mtaratibu ambaye hata kuku akimpita mguuni hashtuki, akitupa kiroba na kujibwaga chini kifudifudi, mikono juu ya kisogo, uso ndani ya mchanga. Korosho zilitawanyika. Alianza kujivuta kwa viwiko kuelekea ukutani, kanzu yake nyeupe ikisomba vumbi.

Watoto walitoka. Mdogo wake kaka yangu akacheka kwanza, cheko la mtoto asiyeelewa, kisha wengine wakafuata.

Nilipaswa kumkimbilia. Badala yake, kwa muda ambao naona hata leo ulikuwa mrefu mno, niligeuka kuangalia ni nani na nani wanaomwona. Msichana mrefu alikuwa anamwona. Watoto wa mwenye kinu cha kusaga walikuwa wanamwona. Nilitamani ardhi ipasuke immeze baba, si mimi.

Baba akaacha kujivuta. Akainua kichwa. Akaona ndala, miguu midogo yenye vumbi, halafu akaniona mimi, kanga kiunoni, bastola mkononi.

"Shikamoo, baba," nilisema.

"Marahaba." Akakaa kitako mchangani. Kifua kilikuwa kinapanda na kushuka. Aliokota ile punje ya njano iliyokuwa imenasa kwenye mkunjo wa koti, akaigeuzageuza.

"Shikamoo, baba mkubwa," kaka yangu akasema, akiwa amejawa na hofu. "Samahani. Ni mchezo tu."

"Mchezo gani?"

"Vita. Ukipigwa unasema nimekufa, unakwenda kukaa pale."

Baba alitazama matofali, wafu wawili waliokuwa wamesimama pembeni yake, akatazama ile punje. Alijua kwamba sote tunamtazama. Akanyoosha mkono mmoja juu.

"Basi mimi nimekufa," akasema.

Akanyanyuka, akajikung'uta, akaenda kukaa kwenye matofali katikati ya wale wafu, magoti pamoja, kama mtu aliyekaa barazani kungojea kuitwa. Watoto walishangilia. Walikusanya korosho zote wakamletea, naye akawagawia. Msichana mrefu alimpa shikamoo kwa kupiga goti. Baada ya dakika chache alikuwa baba yao wote, wanamwuliza kama Newala kuna umeme. Nami nilikuwa nimesimama palepale kwenye kona, nimeificha bastola nyuma kana kwamba bado kulikuwa na mtu asiyeiona.

Nyumbani mama mdogo alimpokea kiroba, akaona kanzu. "Shemeji! Umefanywa nini?"

"Nimejikwaa huko kwenye matofali," baba akasema. Hakunitazama. Nikaingia jikoni kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Alipokwisha kula aliniomba nimsindikize dukani kwa baba mdogo. Tulishika njia ya barabara kubwa. Nilingojea kusemwa kuhusu unyago, kuhusu kanga kiunoni, kuhusu kumdanganya mama mdogo. Badala yake akaniambia habari ya kaka yake, ambaye sikuwahi kumwona. Walikuwa vijana, wanalima mpunga bondeni, kandokando ya Ruvuma, wakati vita vya ukombozi vilipopiganwa ng'ambo ya mto. Risasi zilivuka mto, hakuna aliyejua ni za nani wala zimemlenga nani. Wakalala chini. Zilipotulia wakanyanyuka, wakaanza kupanda kurudi Newala.

"Nikamwuliza, umepigwa? Akasema hapana, nimejikwaa. Tukapanda. Nikamwuliza tena katikati ya mlima. Akasema we kijana, tembea. Hakukuwa na damu ya kuonekana, alikuwa amevaa shati jeusi. Tulipofika juu akasema ngoja nikae kidogo. Hakunyanyuka tena."

 Baba akapangusa koti pale juu ya kifua, ambapo hapakuwa na kitu.

"Mimi sikuwa najua, baba," nilisema.

"Ungejuaje? Sikuwahi kukwambia."

Dukani aliongea na baba mdogo habari za bei ya korosho, za wanunuzi wapya wanaozunguka vijijini na mizani zao, wakacheka pamoja. Mimi nilikaa juu ya gunia la sukari nikitazama rafu. Bastola zilikuwa bado zinauzwa, zimetundikwa juu kwa kamba, zinazunguka polepole na upepo.

Asubuhi nilimsindikiza kwenye lori la kwenda Newala. Kaka zangu nao walikuja, wanamng'ang'ania arudi tena, wanataka awe upande wao. Mama mdogo alikuwa ameifua kanzu, imenyooka. Nilimwambia baba, kabla hajaniuliza, kwamba sitacheza tena. Nilikuwa nimekesha nikiitunga sentensi hiyo. Aliitikia kwa kichwa, akapanda, akajitafutia nafasi juu ya magunia. Kisha akainama kwenye ubao wa lori, akaniashiria nisogee.

"Lakini ulilenga vizuri," akasema kwa sauti ya chini, wengine wasisikie.

Lori likawaka. Sikujua niuweke wapi uso wangu.