Shule Ndogo ya Shabani, Ng'ambo ya Mto

Niliondoka Kibiti kwa sababu mdogo wangu Shabani alinipigia simu akiwa amekata tamaa. Yeye ni mwalimu mkuu wa shule ya serikali huko kwenye delta ya mto, na shule yote inaenea katika vyumba viwili. Mimi pia ni mwalimu, ila kwangu watoto wanabanana hata pa kupita hapana.

"Dada, familia moja ikihama, wanafunzi hawatatosha, shule itafungwa," alisema. "Na hawa wadogo hawawezi kuvuka mto kila siku."

Asubuhi nilipanda bodaboda hadi kivukoni, nikavushwa kwa mtumbwi, kisha nikakatiza majaruba ya mpunga kwa miguu, viatu mkononi.

Nilipofika, Shabani alikuwa na darasa la sita. Chumba cha pili alikisimamia Kabula wa darasa la saba, binti wa Masanja, mfugaji wa Kisukuma. Kabula alifika kijijini hajui Kiswahili. Sasa ndiye anayeongoza katika mitihani. Aliwakalisha pamoja watoto wa Kindengereko, Kimatumbi na Kisukuma, akiwasomesha. Zuhura, mjukuu wa Bi Mwajuma, mkulima wa pale kijijini, juzijuzi tu hakujua herufi. Siku ile alinisomea ukurasa mzima, kidole kikifuata mstari.

Jioni, tukila, Shabani alinieleza tatizo. Ng'ombe wa Masanja walikuwa wameingia shambani kwa Bi Mwajuma wakala mpunga. Watu walimtolea Masanja maneno makali, naye akaamua kuhama na watoto wake wote, mtihani wa Kabula wa kumaliza shule ya msingi ukiwa umekaribia.

Kesho yake wazazi waliitwa shuleni. Wakulima walikaa upande mmoja, Masanja peke yake mlangoni. Bi Mwajuma akasimama, nami nikajua mambo yameharibika.

"Mpunga wangu umeliwa, na hasira ninayo bado," alisema. "Lakini mjukuu wangu kasomeshwa na binti yako. Ng'ombe wahamishe. Kabula niachie, atalala na Zuhura."

Masanja aliigeuzageuza fimbo yake.

"Na wadogo zake, mama?"

"Nao walete. Wali utakuwa mchache, sababu waijua mwenyewe."

Watu wakacheka. Masanja naye aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Shabani alitoka nje, akajifanya anafunga dirisha.

Mchana nilivuka kurudi Kibiti. Nilikwenda nikidhani nitampa mdogo wangu mbinu za kuongeza wanafunzi, kumbe mwenye kujifunza nilikuwa mimi. Darasani kwangu nimeacha kuwapanga watoto kwa alama zao. Anayejua kusoma anakaa na asiyejua, wazazi wao wapatane wasipatane.

Matokeo yalipotoka, Shabani alinipigia. Kabula na wenzake wote wamefaulu.

"Masanja kaja kumchukua?" niliuliza.

"Kaja. Kamchukua Kabula, kampeleka sekondari."

"Na wale wadogo?"

"Kamwambia Bi Mwajuma, hao abaki nao."