Ladha ya Msumari

Mama Mitumba alipoondolewa titi moja, nesi alimwelekeza kwenye chama cha wanawake wenye saratani ya matiti. Alikwenda shingo upande. Miaka yote sokoni hajawahi kuona cha bure kisicho na ndoano.

Alipokewa na katibu, mwanamke mnene mwenye kicheko.

"Karibu, dada. Hapa sote tumepita huko."

"Mnauza dawa gani?"

"Hatuuzi kitu."

"Basi mnatafuta waumini."

"Kila mtu na dini yake, mwenzangu. Sisi tunapiga soga na kusindikizana hospitali."

Mama Mitumba alimkagua kama gauni lililotoka kwenye belo la mitumba. Mashavu yamejaa, nywele tele. Huyu ameugua lini? Akamtega.

"Ulipokuwa kwenye dripu za saratani, maji yalikuwaje mdomoni?"

"Kama nimelamba msumari. Hata chai. Nilikuwa nakunja uso kila mume wangu akinipikia, mpaka akadhani nimemchoka."

Msumari. Ndilo neno alilokuwa nalo mwenyewe tangu dripu zake, na hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yake. Akavuta kiti akakaa, ila karibu na mlango.