Sitaha ya Benedikto

Leonardi alikuwa fundi rangi wa nyumba, Temeke, na kama ulitaka kumuudhi ulimwambia tu kwamba kijivu ni kijivu. Hapo ulikuwa umemgusa pabaya. Angekuuliza kijivu kipi: cha majivu ya mkaa, cha njiwa, cha bati lililonyeshewa, au cha manowari? Na manowari yenyewe ya mwaka gani? Watu wa mtaani walikuwa wanamkwepa, jamani. Mtu katoka kazini na njaa yake, nani ana muda wa kusimamishwa njiani afundishwe kijivu?

Lakini alikuwa na sababu. Wakati wa vita vya pili, yeye na mdogo wake Benedikto, vijana wa Kingoni kutoka Songea, waliingia jeshi la maji la Mwingereza wakapangiwa manowari moja ndogo. Kazi yao ilikuwa kupiga deki, kukwangua kutu na kupaka rangi. Mwanzoni sitaha, ile sakafu ya juu ya meli, ilikuwa mbao tupu. Baadaye ikaja amri ipakwe kijivu chenye bluu kwa mbali, ili ndege ya adui ikichungulia kutoka juu ione maji matupu. Ndugu hao wakaipaka kwa mikono yao. Haikupita wiki, bahari ikachafuka, wimbi likamzoa Benedikto pale pale juu ya sitaha. Leonardi alikuwa chini amelala. Alipopanda hakukuta mtu, alikuta ile rangi tu, imelowa.

Mama yao, Bibi Yustina, hakupewa maiti, wala kaburi, wala picha. Miaka yote hiyo swali lake likawa moja. Alipougua, Leonardi akamleta Temeke kwa matibabu, na huko nako akauliza, "Baba, mwenzio alikuwa amesimama wapi? Nionyeshe basi, hata kwa kidole." Utamwonyesha nini mama wa watu? Bahari? Leonardi akamwahidi kwamba atamchongea ile meli, aione kwa macho yake.

Kuchonga hakukumshinda. Vipande vya mninga alivipata kwa maseremala wa Keko, na mlingoti, mizinga, hata kamba za ukingoni zikakaa sawa. Kilichomshinda ni rangi. Enzi hizo za Ujamaa, ukiulizia rangi dukani unajibiwa hakuna kabla hujamaliza kuuliza. Nyumbani alikuwa na kopo moja tu la kijani, alilokabidhiwa apake tawi la TANU, na hilo halikuwa lake. Basi akaanza ufundi wa shida: nyeupe kidogo ya kuombaomba, unga mweusi wa betri za redio zilizokufa, na bluu ya kufulia mashati. Anachanganya, anapaka kwenye kipande cha ubao, anakianika juani. Kikikauka anakitazama, anaguna. Siyo yenyewe. Anakwangua, anaanza upya.

Mkewe Eufrazia uvumilivu ukamwisha. "Baba Albano, si uipake hiyo hiyo mama aone? Macho yake yenyewe ndiyo hayo, atajua tofauti?"

"Mie nitajua," akajibu. "Nimdanganye mama yangu? Nimwambie mwanao alisimama hapa, kumbe siyo hapa?"

Mbishi huyu mtu! Kila asubuhi Bibi Yustina akiuliza kama meli imekauka, jibu ni lile lile, bado kidogo, mama. Hiyo bado kidogo ndiyo iliyomponza. Siku moja mchanganyiko ulikubali. Ubao ulikauka ukawa rangi ile ile. Akaipaka sitaha nzima, akakimbilia ndani na meli mikononi. Alimkuta Eufrazia ameketi kitandani, ameushika mkono wa mama, analia. Bibi alikuwa ameshakata roho.

Leonardi alilia kama mtoto mdogo. Akasema basi, kama hakuiona akiwa hai, ataondoka nayo. Meli itawekwa juu ya jeneza, izikwe naye, mama na mwanawe walale pamoja. Padri hakukataa, na hapo moyo wake ukatulia kidogo.

Sasa, msiba wa Mngoni una wenyewe. Wahehe ni watani zao, na mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu. Atakuchimbia kaburi, halafu atalala humo agome kutoka mpaka umpe kuku. Atavaa kanga za marehemu, akohoe kama yeye. Na wewe mfiwa huruhusiwi kununa, ukinuna umewaaibisha wazee wako. Kinara wa Wahehe pale mtaani alikuwa Adelard, kuli wa bandarini, mtu wa sauti kubwa na roho safi, ambaye kuni zote za msiba alizipasua yeye.

Adelard akaiona meli uani, juu ya stuli. "Makubwa! Wangoni nao wamefikia kumiliki manowari?" akapaza sauti. "Mngoni na bahari wapi na wapi? Huyu maji yakimfika gotini anaita mama!" Watu wakaangua kicheko. Akachota rangi yote ya kijivu iliyobaki kwenye bakuli, akajipaka usoni na mikononi, akapiga saluti: yeye ndiye nahodha.

Leonardi akamkimbilia. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo Mngoni mzima hapaswi kulifanya mbele ya Mhehe. Alisihi. "Adelard ndugu yangu, hiyo tafadhali usiiguse. Nakuomba sana."

We! Unamwomba mtani? Si umemwonyesha pa kufinya! Macho ya Adelard yaling'aa. Akalivumbua kopo la kijani nyuma ya mlango, akatumbukiza brashi. "Meli ya Mngoni lazima iwe shamba! Hapa tunalima mahindi, kijiji cha Ujamaa kinachoelea!" Akaipaka sitaha kuanzia mbele mpaka nyuma, Wahehe wenzake wakishangilia, wafiwa wakicheka wameshika mbavu. Hata Eufrazia, maskini, alicheka huku machozi yanamtoka.

Leonardi alisimama mikono inaning'inia. Afanye nini? Amkabe mtu aliyemchimbia mama yake kaburi? Kukwangua hakukuwezekana, ingetoka na ya chini. Nyingine haikuwepo, ilikuwa inakauka kwenye mashavu ya Adelard. Jeneza lilikuwa limeshainuliwa, na wazee wanamtazama yeye. Basi akacheka. Akacheka kwa sauti, akamlipa mtani kuku wake, akaibeba meli mpaka makaburini vidole vikimnata kijani, akaishusha mwenyewe juu ya mama yake. Alikuwa amemdanganya mama hivyo hivyo, mbele ya watu wote, na zaidi ya mkewe hakuna aliyejua.

Baada ya matanga Eufrazia alimweleza Adelard habari ya Benedikto. Adelard akaja mbio. "Mtani, mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia usiiguse."

"Lakini si ndivyo tunavyoambiana tukitaka iguswe!" Adelard akaketi chini akalia, jitu zima, na Leonardi ndiye aliyelazimika kumbembeleza. Hata wa kumlaumu hakuwa naye.

Adelard akazunguka mtaa mzima, akaleta betri zilizokufa, bluu na nyeupe kwenye kikombe. Leonardi akachanganya, akapaka ubao, akauanika juani. Ulipokauka Eufrazia akauinua. "Ndiyo yenyewe?"

Leonardi akafumba macho aitazame sitaha yenyewe, ile ya vitani, kama alivyoitazama miaka yote. Aliiona vizuri kabisa. Imelowa, haina mtu, na ni ya kijani.