Aliyegusa Ukuta Tuliouosha

Ukuta tuliouosha jana yake, asubuhi tuliukuta umeguswa.

Na jengo lilikuwa limefungwa. Funguo ya mlango wa nyuma nililala nayo mwenyewe, nimeifunga kwenye kona ya shuka langu.

Atakayesema nimetunga, aseme. Nimezunguka nchi hii tangu sijaota ndevu. Nimechunga ng'ombe wa watu, nimechimba visima, nimefyatua tofali. Shule nilisoma vipande vipande, huku darasa hili, kule darasa lile. Lakini nilichokiona hapa Dodoma mjini sikufundishwa popote.

Lilikuwa jengo la ofisi la zamani. Korido moja ndefu, vyumba huku na huku. Lilikaa limefungwa miaka, vumbi likajipangia humo kama mwenye nyumba. Sasa wenyewe wakataka warudi, wakatafuta kampuni ya usafi.

Kampuni ya dada mmoja, Yasinta. Mimi nilikuwa kibarua wake, na kwa sababu sina makazi akaniweka kwenye kibanda cha uani, nimsaidie mlinzi.

Wewe ukisikia usafi unafikiria fagio na ndoo. Kwa Yasinta sahau.

Unaanza juu. Buibui wa dari, mapanga ya feni, ndiyo unashuka. Swichi za taa unafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa kikakamulika. Kabati linavutwa, nyuma yake panaoshwa. Ukuta unapigwa dawa ya harufu ya limao mpaka pua inawasha. Sakafu ni ya mwisho, na unaipiga deki ukirudi kinyumenyume hadi mlangoni, usiache unyayo.

Halafu anapita yeye na kitambaa cheupe. Kikichafuka, unarudia.

"Usafi wa kina maana yake kila ambacho si cha ukuta kinatoka ukutani!" Huo ndio ulikuwa wimbo wake.

Mwenzangu aliitwa Jenifa, mama wa mapacha kutoka Chemba. Alikuwa kwenye majaribio. Jengo likipita ukaguzi, anaajiriwa. Likikwama, arudi kwao.

"Babu, kule naishi kwa shemeji," aliniambia. "Na shemeji mwenyewe mkono wake mwepesi. Safari hii alimpiga hadi Kulwa."

Nikachukua ndoo yake, nikaenda kumbadilishia maji.

Sasa rudi kwenye asubuhi ile.

Ukutani kulikuwa na mstari wa vumbi jekundu, usawa wa kiuno. Umeanzia mlango wa nyuma, umenyooka hadi chumba cha mwisho. Ukuta wa pili, mstari mwingine, unarudi.

Sakafu? Safi. Hakuna unyayo hata wa mende.

Yasinta alifura. "Jenifa! Wewe jana ndiye wa mwisho kutoka. Ulipita unajishikilia ukuta kama mlevi?"

"Haki ya Mungu sijagusa, madam."

"Basi kagusa nani? Malaika?"

Jenifa akachukua ndoo. Tukaosha upya.

Siku hiyo hiyo Yasinta akagundua kitu kingine. Kwenye fremu za milango kulikuwa na matone ya gundi yaliyokauka, magumu kama punje za uwele. Mlango huu tone moja, ule mawili, chumba cha mwisho matatu.

"Uchafu gani huu? Kwangueni."

Jenifa akashika kisu cha kukwangulia. Krr, krr, krr. Yakatoka yote.

Laiti tungeuliza kwanza.

Kesho yake nilipofungua mlango, shuka lilinidondoka begani.

Alama kila mahali! Kuta zote mbili. Vioo vya madirisha. Milango. Mistari inaenda, inakatika, inarudi ilikotoka, inazunguka chumba kizima inatoka tena. Aisee, lilikuwa wenge la mtu aliyepotea.

Tukaifuata hadi stoo. Pale kwenye kona mistari ilishuka, ikashuka, mpaka karibu na sakafu. Na juu yake kidogo kulikuwa na doa la duara, la jasho.

"Hilo ni paji la uso," Jenifa alinong'ona. "Mtu kakaa hapa. Kaegemeza kichwa."

Yasinta hakupiga kelele safari hii. Aliliangalia lile doa, akageuka.

"Kesho mkaguzi anakuja," alisema. "Jenifa, sijui unafanya nini humu. Osha. Nikikuta tena alama, kesho hiyo hiyo panda gari la Chemba."

Akatoka. Jenifa akakaa chini kwenye sakafu yenye maji, akalia kama mtoto.

Mimi nikasogea ukutani. Macho yangu ya kizee yanataka kitu kiwe karibu. Nikaangalia, nikaangalia tena.

"Mama mapacha, njoo uone. Hizi siyo ncha za vidole."

"Ni nini?"

"Ni mgongo wa vidole. Haya mafundo ya vidole hapa, ona."

Nani anayegusa ukuta kwa mgongo wa vidole?

Nikakumbuka. Zamani nilifyatua tofali Buigiri, msimu mzima. Pale kuna shule ya watoto wasioona, nilikuwa nawaona wakipita pembeni ya ukuta. Hawapapasi kwa viganja. Wanatanguliza mgongo wa vidole, ili kikitokea kitu, kidole kikunjike, kisivunjike.

Nikaacha kitambaa pale pale.

Nikamfuata mlinzi getini. Kijana wa Kondoa, Mudrick.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hili jengo liliwahi kuwa na mtu asiyeona?"

"Mimi wa juzi hapa. Nasikia alikuwepo mzee wa kupokea simu, Mzee Gerson, haoni kabisa. Chumba chake kile cha mwisho. Wanasema anatoka Buigiri alfajiri na gari la kwanza, na humu ndani hataki kushikwa mkono na mtu."

"Yuko wapi?"

"Si alishakufa? Ndivyo nilivyosikia." Akaniangalia vizuri. "Mzee, kwani vipi?"

Nikarudi mbio, mbio za kizee. Nikamweleza Jenifa. Akaziba mdomo kwa mkono wenye povu.

"Yale matone, babu! Alikuwa anahesabia milango. Anajua hapa stoo, hapa chumba changu."

"Ndiyo."

"Na mimi nimeyakwangua."

Vumbi lilikuwa linamficha siku zote. Ukuta mchafu hauonyeshi aliyepita. Sisi tuliosha, akaonekana. Halafu tukamfutia njia.

Tukatafuta gundi. Palipokuwa na tone rangi ilikuwa imebaki mpya, basi tukafuata vile vidoadoa, mlango kwa mlango. Jenifa anadondosha, mimi napuliza likauke.

Tukiwa mlango wa mwisho, sauti nyuma yetu: "Mnarudisha uchafu?"

Yasinta.

Jenifa hakugeuka hata. Akadondosha tone la tatu, ndipo akasema, "Madam, kama ni kunifukuza nifukuze. Yule mzee hawezi kulala stoo tena."

Nikamsimulia Yasinta yote. Nilidhani atanicheka. Akasimama akikunja kile kitambaa chake cheupe, akikunjua, akikunja.

"Osheni kuta," alisema mwishowe. "Hayo yaacheni."

Asubuhi tuliingia watatu, tumeshikana nguo kama watoto.

Mstari mmoja unaenda, umenyooka. Chumba cha mwisho. Mstari mmoja unarudi hadi mlango wa nyuma. Basi.

Jenifa akaifuta taratibu, kama anamfuta mtu uso.

Mkaguzi akafika, Bwana Seth, mtu wa makamo, mfanyakazi wa siku nyingi wa ofisi ile. Akapita na kitambaa chake. Dari, feni, swichi, nyuma ya makabati. Kitambaa cheupe vile vile. Akafika mlango wa kwanza. Kidole kikakwama.

"Na hii?"

Jenifa akafumba macho. Kazi ilikuwa pale, Chemba ilikuwa pale.

"Hiyo inabaki," Yasinta alisema. "Kama utatuangusha kwa hilo, tuangushe."

Seth akaweka kitambaa mfukoni. Akapitisha kidole mlango wa pili, wa tatu, hadi mwisho. Alipogeuka macho yalikuwa mekundu.

"Mzee Gerson aliyabandika haya mwenyewe, mimi nikimshikia gundi. Nani aliwaambia myaache?"

"Tumesikia habari za marehemu," nikasema, "tukaona..."

"Marehemu nani?"

"Si Mzee Gerson?" Jenifa aliuliza.

"Gerson yuko hai! Kapooza miguu tangu jengo lifungwe, hatoki kitandani. Juzi nimempelekea sukari."

Nikamuuliza anakaa Buigiri upande gani.

Jengo lilipita. Jenifa aliajiriwa, na mapacha ameshawachukua. Lakini mimi sikutulia. Nikaenda Buigiri.

Nilipokelewa na binti yake, Emilia. Nilipomwambia tu kwamba naosha lile jengo la ofisi, akaniuliza, "Mzee, nyie wa mjini mnatumia dawa gani ya kuoshea? Baba kila asubuhi tunamkuta mikono inanuka limao. Ndani hatuna limao."

Nikaingia chumbani. Mzee amelala chali, mikono juu ya blanketi. Mafundo ya vidole yamechubuka.

"Shikamoo," nikasema, maana kanizidi.

"Marahaba. Kaa." Akavuta pumzi ndefu. "Kila alfajiri naota niko kazini. Juzi nikapotea. Milango yangu haikuwepo. Nikakaa mahali nikalia."

Nikasogeza kiti karibu na kitanda.

"Sasa nimerudishiwa." Akatabasamu upande ambao sikuwepo. "Ila tone la mlango wa stoo mmeliweka chini kidogo. Mkono wangu unalikosa."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja mjini. Nikaliinua.

Kwa hiyo wewe unayetaka ofisi yako isafishwe kisawasawa: tegemea wakuanzie darini, tegemea wavute makabati, tegemea kitambaa cheupe. Hiyo ni haki yako. Ila kabla hujawakabidhi funguo, zunguka nao chumba kwa chumba, uwaambie nini kisiguswe.

Na wewe mwenzangu unayeshika kisu cha kukwangulia, uliza kwanza unachokwangua ni cha nani.